Sir Robert Jones: Mwanagenzi aliyeufunza ulimwengu kumuuguza aliyevunjika mfupa

KWA askari wa Uingereza aliyepigana nchini Ufaransa katika miaka ya kwanza ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuvunjika mfupa wa paja kwa risasi kulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Wengi walikata roho wakiwa kwenye machela, na miongoni mwa waliofika hospitalini, wengi walirejea kwao bila mguu.

Kufikia mwaka wa 1917, hali ilikuwa imebadilika pakubwa. Katika vita vya Arras mwaka huo, wagonjwa zaidi ya 1,000 waliovunjika mfupa wa paja walihudumiwa kwa utaratibu mpya, na waliofariki walikuwa takriban 16 kwa kila 100.

Mtu anayehusishwa zaidi na mageuzi hayo ni Robert Jones, daktari mpasuaji kutoka Liverpool. Chombo alichokipigia debe hakikuwa kisu wala dawa, bali fremu ya chuma iliyobuniwa na mwalimu wake miaka mingi kabla ya vita. Hata hivyo, fremu hiyo ingebaki chuma tu lau asingeiambatanisha na kanuni aliyoishikilia maisha yake yote: kwamba aliyevunjika mfupa hastahili kurushwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kwamba daktari anayejifunza kazi hiyo sharti amfuate mgonjwa tangu siku ya kuumia hadi siku atakaposimama kwa miguu yake.

Robert Jones alizaliwa Juni 28, 1857, katika mji wa pwani wa Rhyl, kaskazini mwa Wales, kisha akalelewa London. Jamaa yake haikuwa na mali ya kutajika. Mnamo 1873, akiwa na umri wa miaka 16, alitumwa Liverpool akaishi na shangazi yake, Elizabeth, aliyekuwa ameolewa na daktari kwa jina Hugh Owen Thomas. Asubuhi alihudhuria masomo katika chuo cha utabibu cha mji huo, lakini chuo chake cha kweli kilikuwa ndani ya nyumba alimolala, nambari 11, Nelson Street.

Hugh Owen Thomas hakuwa daktari wa kawaida. Alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, watu waliorithishana ujuzi huo baba kwa mwana bila kukanyaga darasa la utabibu. Babake, Evan Thomas, alihamia Liverpool akapata umaarufu mkubwa miongoni mwa mabaharia na wafanyakazi wa bandari. Umaarufu huo ulimponza. Madaktari wenye vyeti walimshtaki mahakamani mara kadhaa. Akichoshwa na kesi hizo, aliamua kuwasomesha wanawe wote watano udaktari ili asiwepo wa kuwatilia shaka.

Hugh alisomea Edinburgh na London, akafuzu mwaka wa 1857, yaani mwaka uleule aliozaliwa Robert. Alijaribu kufanya kazi na babake lakini hawakuelewana, akaanzisha zahanati yake mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mfupi, mwenye afya dhaifu, na hakukosa sigara mdomoni. Kofia yake aliiinamisha upande mmoja kulificha jicho lililoumia utotoni. Ulimi wake ulikuwa mkali kwa madaktari wenzake, nao hawakumpenda. Hakupata kuajiriwa katika hospitali yoyote kubwa.

Hata hivyo, maskini wa Liverpool walimjua. Alianza kazi alfajiri kwa kuwazuru wagonjwa majumbani, akarudi kuwahudumia waliojazana kwenye zahanati, kisha alasiri akatoka tena. Jumapili aliitenga kwa wasio na pesa, nao walifurika kwa makumi na makumi bila kutozwa chochote. Nyuma ya nyumba kulikuwa na karakana ambamo mhunzi na mshona ngozi walitengeneza vifaa kwa kipimo cha kila mgonjwa.

Kifaa mashuhuri kati ya hivyo ndicho hadi leo huitwa banzi la Thomas. Ni pete ya chuma iliyozungushiwa ngozi laini, inayovishwa hadi juu kabisa ya paja na kuegemea mfupa wa nyonga. Kutoka kwenye pete hiyo huteremka vyuma viwili, kimoja kila upande wa mguu, vikakutana chini ya wayo. Mguu huvutwa na kufungwa kwenye ncha hiyo ya chini, hivi kwamba pete inasukuma juu na kamba inavuta chini. Mfupa uliovunjika hunyooka na kutulia.

Falsafa ya Thomas ilikuwa pumziko: kiungo kilichougua kipumzishwe kikamilifu, bila kukatizwa na kwa muda mrefu. Wakati huo madaktari wengi walikuwa wepesi wa kukata mguu uliooza kwa kifua kikuu cha mifupa, ama kuukunjua kwa nguvu ungali na maradhi. Yeye aliungoja mwili ujiponye, lakini kungoja kwake hakukuwa kulala. Alimchunguza mgonjwa mara kwa mara, na hakutaka mtu mwingine aliguse banzi alilolifunga.

Hiyo ndiyo shule aliyoingia Robert Jones. Kazi za mwanagenzi hazikuwa za kujivunia. Ilimbidi kupima mguu kwa makini, kwa kuwa pete inayobana huchubua ngozi ya kinena na kuzua kidonda, na iliyolegea huufanya mguu kurudi ulikotoka. Ilimbidi kujifunza kufunga bendeji isiyozuia damu, kutazama rangi na joto la vidole vya mguu, kukagua kisigino kisiote vidonda vya kulalia, na kutambua kwa macho na vidole iwapo mfupa umeanza kushika. Aliyashuhudia pia makosa ya pupa: mguu ulioruhusiwa kukanyaga mapema ulipinda tena, na kazi ya miezi ikapotea.

Jones alifuzu udaktari mwaka wa 1878, akawa msaidizi wa Thomas. Mnamo 1881 aliteuliwa mpasuaji msaidizi katika Hospitali ya Stanley mjini humo, na mwaka wa 1889 akapata wadhifa wa upasuaji katika Royal Southern Hospital. Milango iliyofungwa mbele ya mwalimu wake ilimfungukia yeye. Tofauti ilikuwa ya tabia. Ikiwa Thomas alipigana na kila mtu, Jones alikuwa mchangamfu, mpole wa maneno, mpenda kriketi na ndondi, na hodari wa kuwavuta hata waliompinga.

Mtihani wake mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka wa 1888, alipoteuliwa kusimamia huduma za upasuaji katika ujenzi wa Mfereji wa Manchester, njia ya maji ya takriban kilomita 58 ya kuziwezesha meli kubwa kutoka baharini hadi mji huo wa viwanda. Maelfu ya wanaume walichimba na kupasua miamba mchana na usiku. Baruti, mabehewa na maporomoko ya udongo viliwavunja mifupa kila uchao.

Jones, aliyekuwa na umri wa miaka 31 tu, aliugawa mfereji huo katika sehemu, akaweka hospitali tatu kandokando yake na vituo vya huduma ya kwanza kati ya hospitali hizo. Reli iliyojengwa kubeba mchanga na mawe ilitumiwa kuwakimbiza majeruhi. Madaktari vijana waliishi katika hospitali hizo, na yeye mwenyewe aliitwa kwenye visa vizito, akafanya operesheni nyingi kwa mikono yake.

Wanahistoria wengi wa utabibu huuhesabu mpango huo kuwa wa kwanza duniani wa huduma kamili kwa majeruhi. Ulidumu hadi mfereji ulipokamilika mwaka wa 1894. Kwa Jones, ulikuwa pia darasa kubwa la kuwafunza wengine. Aligundua kwamba daktari kijana aliyekabidhiwa mifupa iliyovunjika kila siku, akiwa na vifaa na mkubwa wa kumwuliza, hujua mengi kwa mwaka mmoja kuliko mwenzake anayepokea kisa kimoja kwa mwezi katika wadi iliyochanganyika.

Katikati ya ujenzi huo, Januari 1891, Thomas aliugua nimonia akafariki akiwa na umri wa miaka 56. Maelfu ya watu wa tabaka la wafanyakazi walijitokeza barabarani kumsindikiza. Jones alirithi nyumba ya Nelson Street pamoja na zahanati ya Jumapili, na akaiendeleza desturi ya kutowatoza maskini. Alirithi pia deni la kuyasambaza mafundisho ambayo mwenyewe Thomas, kwa ukali wake, alishindwa kuyauza.

Jones hakufungwa na ya kale. Mwishoni mwa 1895 mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei, Jones alikuwa miongoni mwa wapasuaji wa kwanza nchini Uingereza kuona manufaa yake. Februari 1896, kwa usaidizi wa mwanafizikia Oliver Lodge wa Liverpool, alipata picha ya risasi ndogo iliyokwama katika kifundo cha mkono wa mvulana, ambayo vidole vilikuwa vimeshindwa kuipata.

Aidha, hata mwili wake mwenyewe ulimfaa katika utafiti. Akicheza densi, aliumia upande wa nje wa wayo. Badala ya kuuita msukosuko wa kawaida, aliagiza apigwe eksirei, na ikadhihirika kwamba mfupa wa tano wa wayo ulikuwa umevunjika. Alikusanya visa vingine vya aina hiyo na kuvichapisha mwaka wa 1902. Hadi leo wanafunzi wa utabibu huufahamu mvunjiko huo kwa jina lake.

Mwaka uliofuata, mwanamke aliyechechemea alifika Liverpool kumwona. Alikuwa Agnes Hunt, muuguzi aliyeugua nyonga tangu utotoni na ambaye mwaka wa 1900 alikuwa amefungua makao madogo ya watoto walemavu katika kijiji cha Baschurch, mkoa wa Shropshire. Watoto walilala katika vibanda vilivyo wazi upande mmoja, wakipigwa na jua na upepo. Waliohitaji daktari, Bi Hunt aliwasafirisha kwa gari moshi hadi zahanati ya Jumapili ya Jones.

Safari hizo zilikuwa za taabu, na Jones akaamua kwamba ni rahisi zaidi mpasuaji kusafiri kuliko watoto wagonjwa. Akaanza kuzuru Baschurch kila mwezi, akiwapasua watoto katika chumba kidogo kilichotengwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, siku 29 zilizosalia za mwezi zilikuwa za wauguzi. Jones alifundisha waziwazi kwamba operesheni nzuri yaweza kuharibiwa na uuguzi mbaya, na kwamba daktari mwanagenzi asiyejua kumsikiliza muuguzi wa wadi hajakomaa.

Bi Hunt naye alileta jambo jipya: kliniki za ufuatiliaji katika miji ya jirani, ambako watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani walikaguliwa mabanzi na viatu vyao. Hivyo matibabu hayakukoma mlangoni mwa hospitali.

Vita vilipozuka Agosti 1914, Jones alikuwa na umri wa miaka 57, umri ambao wengi huanza kuwazia kustaafu. Alikuwa tayari daktari katika jeshi la akiba. Alichokiona kilimtia uchungu. Askari waliovunjika viungo walitawanywa katika hospitali za kila aina, wakahudumiwa na yeyote aliyekuwa zamu, kisha wakahamishwa kabla ya yeyote kujua matokeo ya alichokifanya. Wengi waliruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na miguu iliyopinda na mikono isiyokunjika.

Mnamo 1915 alipewa vitanda takriban 250 vya majaribio huko Alder Hey, Liverpool. Matokeo yaliwaridhisha wakuu wa jeshi, naye akateuliwa mkaguzi wa tiba ya mifupa jeshini, akapanda hadi cheo cha Meja Jenerali. Kituo kikuu kilifunguliwa Shepherd's Bush, London, mwaka wa 1916, na vingine vikafuata katika miji mikubwa. Kufikia mwisho wa vita, vitanda vilivyokuwa chini ya mpango huo vilikaribia 20,000.

Katika vituo hivyo, majeruhi wa mifupa walikusanywa pamoja, chini ya wapasuaji waliofunzwa kazi hiyo, na walibaki mikononi mwao hadi wapone. Vilevile, palikuwa na karakana za useremala, uhunzi na ushonaji. Mgonjwa aliyehitaji kukunja kiwiko alipewa randa. Aliyehitaji nguvu za mguu alipewa cherehani ya kukanyaga. Mfalme Manuel wa Pili wa Ureno, aliyekuwa uhamishoni Uingereza baada ya kung'olewa mamlakani, alisaidia mno kuanzisha karakana hizo.

Kule Ufaransa, banzi la Thomas lilisogezwa mbele hadi karibu na mahandaki. Wabebaji wa machela walifundishwa kulifunga hatua kwa hatua, juu ya suruali na buti, hadi wakaweza kulifunga hata gizani. Siri yake ilikuwa nyepesi. Mfupa wa paja uliovunjika na kuachwa ukicheza hukata nyama na mishipa kila mbeba machela anapokanyaga shimo, na damu nyingi humwagika ndani ya paja bila kuonekana. Ukitulizwa mapema, damu hupungua, maumivu hupungua, na majeruhi hufika kwa mpasuaji angali na nguvu za kuhimili operesheni.

Si haki, hata hivyo, kumpa Jones sifa zote. Usafishaji wa vidonda kwa kukata nyama iliyokufa, matibabu ya mshtuko na kazi za wapasuaji walio mstari wa mbele, akiwemo Henry Gray aliyesimamia wagonjwa wa Arras, vilichangia pakubwa. Mchango wa Jones ulikuwa kuvifungamanisha hivi vyote katika mfumo mmoja na kuwapata watu wa kuuendesha.

Watu hao hawakuwepo. Wapasuaji wa mifupa nchini Uingereza walikuwa wachache, hivyo Jones akalazimika kuwaunda. Mwaka wa 1917, Wamarekani walipoingia vitani, alipokea kikundi cha takriban wapasuaji vijana 20 walioongozwa na Joel Goldthwait wa Boston. Waligawanywa katika vituo vyake, wakifanya kazi na kujifunza kwa pamoja. Waliporejea kwao, wengi walikuwa nguzo za taaluma hiyo. Miongoni mwa Waingereza waliopitia mikononi mwake ama katika vituo vyake ni Thomas Porter McMurray wa Liverpool, Gathorne Girdlestone wa Oxford na Harry Platt wa Manchester.

Hakukosa wapinzani. Wapasuaji wa jumla, hasa wa London, waliona kwamba Jones anawanyang'anya kazi yao. Walihoji kwa nini mivunjiko, ambayo kila mpasuaji aliihesabu kuwa yake, itengwe katika hospitali maalum. Amani ilipopatikana, vituo vingi vilifungwa au vikageuzwa matumizi, na majeruhi wa viwandani na barabarani wakarudi katika hali ya kabla ya vita.

Jambo hilo lilimsumbua Jones hadi uzeeni. Katika hospitali nyingi, mgonjwa aliyevunjika mfupa hakuwa na mvuto kwa mkubwa wa wadi, aliyependa visa vya tumbo na uvimbe. Basi aliachiwa daktari mdogo kuliko wote, aliyefuzu miezi michache iliyopita, ambaye baada ya nusu mwaka aliondoka na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine asiyejua kitu. Mwaka wa 1925, Jones alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza akieleza ukubwa wa ulemavu uliotokana na mivunjiko iliyotibiwa vibaya.

Hoja yake haikuwa kumnyima mwanagenzi kazi. Yeye mwenyewe alikuwa zao la kukabidhiwa kazi mapema. Alichokipinga ni mwanagenzi kukabidhiwa mgonjwa bila mkubwa wa kumwelekeza, na mgonjwa kukosa mtu mmoja wa kuwajibika kwa mguu wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika nyumba ya Nelson Street, kijana alifunga bendeji, lakini jicho la Thomas lilikuwa juu yake, na mgonjwa huyohuyo alirudi mbele yake wiki iliyofuata. Hivyo kosa lilimrudia aliyelitenda, akajifunza.

Kwa upande wa watoto, juhudi zake zilizaa matunda upesi zaidi. Pamoja na Girdlestone aliandaa mpango wa kitaifa wa hospitali za walemavu zilizozungukwa na kliniki za ufuatiliaji, na mwaka wa 1919 kukaundwa baraza la kuusimamia. Mwaka wa 1921 makao ya Baschurch yalihamishiwa Oswestry. Chuo Kikuu cha Liverpool nacho kilianzisha shahada ya upasuaji wa mifupa ambayo, kwa miongo mingi, iliwavuta madaktari kutoka mataifa mengi ya Jumuiya ya Madola.

Jones alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1917, na mwaka wa 1926 akapewa hadhi ya baroneti. Mkewe, Susie, aliyemwoa mwaka wa 1887, alikuwa amefariki mwaka wa 1918 kabla ya heshima nyingi kati ya hizo. Alifariki Wales, Januari 14, 1933, akiwa na umri wa miaka 75, na majivu yake yakahifadhiwa katika Kanisa Kuu la Liverpool. Hospitali ya Oswestry ilipewa jina lake pamoja na la Agnes Hunt, nayo ingali inatibu wagonjwa wa mifupa.

Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka wa 1935, kamati ya chama cha madaktari wa Uingereza ilitoa ripoti iliyopendekeza yaleyale aliyoyapigania: mivunjiko itengewe idara zake, chini ya mpasuaji mmoja mwenye ujuzi, na mgonjwa afuatiliwe hadi arudi kazini.

Nchini Kenya, ambako ajali za barabarani, zikiwemo za bodaboda, huzijaza wadi za mifupa, banzi la Thomas halijawa kifaa cha makavazi. Lingali linatumika katika hospitali kadhaa kumtuliza aliyevunjika paja anaposubiri kuwekewa chuma, na wakati mwingine ndilo tiba yenyewe pale vyuma vinapokosekana. Madaktari wanaosomea upasuaji wa mifupa, wawe katika vyuo vikuu au chini ya Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka wa 1999, hukutana nalo mapema.

Kabla ya kukabidhiwa nyundo na misumari ya chumba cha upasuaji, wanagenzi hao hutakiwa kuzunguka wadini asubuhi: kuuliza maumivu ya usiku, kuugusa mguu uliofungwa kama una joto, kumwomba mgonjwa achezeshe vidole, kuhakikisha mizani ya kuvutia mguu haijagusa sakafu, na kumgeuza aone kama mgongo umechubuka. Ni kazi zilezile alizopewa kijana wa miaka 16 katika nyumba ya Nelson Street mwaka wa 1873, na mguu wa mgonjwa ungali unazitegemea.